Kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Shamu: Namna ya Kutembelea Sharm el-Sheikh

Maji yanayotoka Jinja husafiri kupitia Sudan Kusini na Sudan mpaka Kairo, lakini hayafiki Sharm el-Sheikh. Mji huo wa mapumziko uko kwenye ncha ya kusini ya Rasi ya Sinai nchini Misri, umebanwa kati ya milima mikavu ya jangwa na Bahari ya Shamu, ile ile tunayoijua kwa habari za Musa na Farao. Mvua ni kitu cha nadra kiasi kwamba ikinyesha watu hutoka nje kuitazama, na sehemu kubwa ya maji yanayotoka bombani ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kiwandani. Naanza na maji kwa sababu makosa mengi ya mgeni anayetoka Uganda, nami nikiwa mmoja wao, yanaanzia hapo: hunywa maji machache kwa kuwa haoni jasho, huiamini bahari kana kwamba ni ufuo wa Entebbe, na hudhani jua lililomlea nyumbani limekwisha kumfundisha kila kitu kuhusu jua.

Jambo la kwanza la kuamua ni mwezi wa safari. Januari joto la mchana huwa karibu nyuzi 22, usiku kuna baridi ya kuhitaji sweta, na maji ya bahari hushuka hadi nyuzi 21 au 22. Agosti joto la mchana hufika nyuzi 38 na kupita, na upepo unaotoka jangwani hauna nafuu yoyote. Mzazi anayefuata kalenda ya shule zetu ana likizo tatu za kuchagua, na kwa maoni yangu ya Mei ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa bahari imekwisha kupata joto na mchana bado unavumilika. Likizo ya Desemba ni ya kupendeza kwa kutembea jangwani, ila mwishoni mwa mwezi wageni wa Ulaya wanaokimbia baridi hujaa na bei za hoteli hupanda. Asiye na watoto wa shule na aende Oktoba au Novemba.

Hati za safari zinahitaji subira kuliko pesa. Huenda ukasoma kwamba wageni wanaotua Sharm hupewa muhuri wa bure wa siku 15 wa kukaa Sinai tu, lakini utaratibu huo uliwekwa kwa raia wa nchi fulani, hasa za Ulaya, na mwenye pasipoti ya Uganda asiutegemee. Nenda kwanza kwenye ubalozi wa Misri ulioko Kampala, uulize masharti ya viza yaliyopo wakati huo, na usilipie tiketi isiyorudishiwa pesa kabla ya kuipata. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele yake. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano nayo ni ya lazima, kwa kuwa Uganda imo katika orodha ya nchi ambazo Misri huzidai cheti hicho, na chanjo yenyewe ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya kuondoka.

Kuhusu mawakala wa safari, nina neno moja tu. Wakala mmoja aliniambia kwamba kila kitu kimelipiwa, nami nikaridhika na neno hilo bila kuuliza limebeba nini ndani yake; nilipofika nikagundua kwamba gari la kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini halikuwamo, wala mzigo wa pili kwenye ndege ya ndani. Mwambie aandike orodha ya vitu vilivyolipiwa, kimoja kimoja, kisha aitie sahihi.

Njia nyepesi ni ndege ya EgyptAir kutoka Entebbe hadi Kairo, safari ya kama saa tano, halafu ndege ya ndani ya saa moja hivi hadi Sharm. Wengine hupitia Addis Ababa. Acha nafasi ya saa tatu au zaidi Kairo, kwani utapita uhamiaji na kuchukua mizigo kabla ya kupanda ndege ya pili. Kuna pia basi kutoka Kairo, kama kilomita 500 kupitia handaki lililo chini ya Mfereji wa Suez, na njiani kuna vituo vingi vya ukaguzi ambapo abiria huonyesha pasipoti. Ni safari ya saa saba au nane, nami siishauri kwa mtu mwenye watoto. Pesa zibadilishe Kampala ziwe dola, uchague noti mpya zisizokunjwa, kisha dola zigeuke pauni za Misri utakapofika, kidogo kidogo. Shilingi yetu haina mnunuzi kule. Nunua pia adapta, maana plagi zetu za pini tatu za bapa haziingii katika matundu mawili ya duara ya Misri.

Mji wenyewe umetawanyika kando ya pwani, na kila mtaa una tabia yake. Naama Bay ni ghuba yenye mchanga unaoshuka taratibu, yenye maduka, mikahawa na kelele za usiku. Ndiko nitakakompeleka anayejifunza kuogelea. Hadaba na Ras Um Sid ziko juu ya miamba, na bahari yake ni ya wanaotaka kuona matumbawe. Nabq, upande wa kaskazini, ina hoteli kubwa mpya, upepo mwingi na umbali mrefu kutoka mjini, ingawa karibu nayo kuna hifadhi yenye mikoko, mti wa ajabu kuukuta umeota kati ya chumvi na mchanga mkavu. Soko la Zamani liko Sharm el-Maya, chini ya msikiti mkubwa wa Al Sahaba uliofunguliwa mwaka 2017, na hapo ndipo penye bei za kibinadamu. Kati ya mitaa hiyo huenda mabasi madogo yanayosimamishwa kwa mkono kama taksi zetu za kwenda Ntinda. Uliza nauli kwa abiria mwenzako kabla hujamuuliza dereva.

Sasa nije kwenye faida ambayo msemaji wa Kiswahili anayo na mgeni wa Ulaya hana. Masikio yako tayari yanajua nusu ya soko. Sita ni sitta, saba ni sab'a, tisa ni tis'a. Arobaini, hamsini, sitini, sabini na tisini zote zimo, na mia ni miyya. Bahari ni bahr, samaki ni samak, sukari ni sukkar. Muuzaji wa viungo pale Soko la Zamani alinipimia choya, ambayo wao huiita karkadeh, akaweka mfuko juu ya mizani na kusema miyya wa khamsin. Nilikuwa nimekwisha kushtuka kabla sijakumbuka kwamba ninasikiliza Kiarabu. Nikamjibu neno moja, ghali, nalo kwao ni ghali vile vile. Alicheka, akaongeza konzi moja ya maua makavu, akaniambia kwamba ni rikhis, nami nikaelewa kwamba ananieleza ni rahisi. Tulimaliza biashara kwa bei iliyo katikati, na sikuwa nimetumia hata neno moja la Kiingereza.

Lakini udugu huo una mtego, nao ni saa. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Wamisri wanahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Mwenye mashua aliyekuwa anipeleke kwenye hifadhi ya Ras Mohammed aliniambia tukutane gatini kesho, es-sa'a sab'a. Nilifurahi kuelewa bila mkalimani. Nikalala hadi nilipotosheka, nikanywa chai, nikaoga, na kwenye saa saba ya mchana nikasimama gatini na taulo langu begani, nikaitazama bahari tupu. Mashua ilikuwa imeondoka saa moja asubuhi, ambayo kwao ndiyo saba. Basi ukiambiwa saa yoyote, ongeza au punguza sita kichwani, kisha uonyeshe kwa kidole kwenye simu ili mwenzako athibitishe. Saa ya simu yenyewe iachie ijirekebishe: wakati wa majira yao ya joto Misri huenda sambamba na Uganda, na wakati wa baridi hubaki nyuma kwa saa moja.

Mtego mwingine uko kwenye namba zilizoandikwa, hasa kwenye vibao vya bei na vya magari. Duara unalolidhania kuwa sifuri ni tano. Sifuri yenyewe ni nukta. Inayofanana na saba yetu ni sita, saba yao inafanana na herufi V, na nane ni hiyo V iliyopinduliwa. Namba husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama zetu, ingawa maneno yanayozizunguka huenda upande wa pili. Dakika kumi za kujifunza alama hizo ndani ya ndege zitakuokolea pesa wiki nzima.

Bahari ndiyo inayowapeleka watu wengi, na ndiyo inayotaka uangalifu mwingi. Uzuri wa kwanza ni kwamba hapana kichocho, ugonjwa tunaouogopa ziwani, wala hapana mamba. Uzuri wa pili ni chumvi: lita moja ya maji ya Bahari ya Shamu ina takribani gramu 40, zaidi ya bahari kuu zenye kama 35, na mwili wako utaelea kwa urahisi ambao Ziwa Victoria halijawahi kukupa. Mtu anayeogelea kwa shida nyumbani hujiona amekuwa fundi kwa siku moja, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu anayeelea vizuri huchukuliwa na mkondo vizuri vile vile. Tazama bendera za ufuoni kila asubuhi, na siku ya upepo mkali wa kaskazini baki mahali penye mlinzi. Papa wapo, ingawa mashambulizi ni machache. Mwaka 2010 watu kadhaa walijeruhiwa na mmoja akafa, kwa hiyo ufuo ukifungwa usibishane, na usitupe chakula majini kuwavuta samaki.

Katika sehemu nyingi huwezi kuingia baharini kwa miguu. Matumbawe yamejenga sakafu ya kina kifupi iliyoshikamana na ufuo, na kuyakanyaga ni kuyaua na kujikata. Hoteli zimejenga magati yanayovuka sakafu hiyo mpaka ukingoni, ambapo ngazi ya chuma inakushusha moja kwa moja kwenye maji yenye kina cha mita nyingi. Mtu aliyezoea fukwe za Ssese, ambako mchanga hushuka polepole na miguu inajua iko wapi, hupata mshtuko wa kweli. Fanya hivi. Vaa miwani na mrija wa kupumulia ukiwa bado umekaa kwenye ngazi, na jaketi la kuelea kama huna uhakika. Shuka mpaka maji yafike shingoni, shika ngazi kwa mkono mmoja, uzamishe uso, na upumue kwa mrija bila kufanya jambo lingine lolote mpaka pumzi ikae sawa. Mara ya kwanza niliona chini yangu ukuta wa matumbawe ukiteremka kutoka rangi ya manjano hadi buluu na kisha weusi, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wakiwa wamejipanga mbele yake kama watu wanaosubiri benki kufunguliwa. Nilikaza mkono kwenye chuma kwa muda wa dakika tano hivi. Halafu nikaachia.

Usiguse chochote. Yupo samaki anayefanana na jiwe na yupo mwenye mapezi kama manyoya ya kuku, na miba ya wote wawili ina sumu. Yapo pia matumbawe yanayounguza ngozi kama upupu. Mahali ambapo ni lazima kukanyaga, vaa viatu vya mpira. Ukichomwa, eneo hilo hutiwa ndani ya maji ya moto yanayovumilika, na mtu hupelekwa hospitali mara moja.

Siku moja ya mashua itumie Ras Mohammed, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1983, iliyoko ambapo Ghuba ya Suez na Ghuba ya Akaba zinakutana. Kuna meli iliyozama hapo mwaka 1980, Yolanda, ambayo shehena yake ilikuwa vyoo na mabeseni ya kuogea, na hadi leo wapiga mbizi hupishana na samaki kati ya vyoo vyeupe chini ya bahari. Maarufu zaidi ni Thistlegorm, meli ya Uingereza iliyopigwa mabomu na ndege za Wajerumani Oktoba 1941 ikiwa imebeba pikipiki, malori na bunduki; iko kwenye kina cha kama mita 30, si mahali pa mwanafunzi. Kozi za kupiga mbizi ziko nyingi mjini, ila kagua mwalimu ana wanafunzi wangapi. Zaidi ya wanne ni wengi mno kwa mtu ambaye hajawahi kupumua chini ya maji. Na sharti hili halina mjadala: baada ya kupiga mbizi kwa mtungi usipande ndege mpaka saa 24 zipite, na usipande Mlima Sinai pia, kwa sababu hewa nyepesi ya juu hufanya mapovu ya naitrojeni yatokee ndani ya damu. Wengi wanakumbuka habari ya ndege na kuusahau mlima. Kwa hiyo jangwa litangulie, bahari ifuate, au ziachanishwe kwa siku nzima.

Mlima Sinai, ambao wenyeji huuita Jabal Musa, una kimo cha mita 2,285, juu kidogo kuliko mji wa Kabale, na aliyewahi kuamka Kabale mwezi Julai ana picha ya mwanzo tu ya baridi yake, kwa kuwa usiku wa jangwani wakati wa kipupwe maji huganda. Magari hutoka Sharm jioni, husafiri kama saa tatu yakipita vizuizi vya polisi, na watu huanza kupanda usiku wa manane ili wafike kileleni kabla ya jua kuchomoza. Kiongozi ni Bedui, na ni lazima kuwa naye. Kuna njia ndefu ya ngamia inayoishia kwenye ngazi za mwisho kama 750, ambazo kila mtu huzipanda kwa miguu yake mwenyewe. Chukua tochi, kofia ya sufu, glavu na noti ndogo za chai. Katika kibanda kimoja cha mawe Bedui alitutilia chai juu ya makaa ya mgunga, akaumimina mkondo mwembamba kutoka juu hadi kwenye bilauri ndogo, akarudisha buliani, akamimina tena; ilikuwa tamu kupita kiasi na ilinukia majani yao ya habak, na sijawahi kunywa kitu kilichonifaa kuliko hicho.

Chini ya mlima ipo monasteri ya Mtakatifu Katerina, iliyojengwa karne ya 6 kwa amri ya Mfalme Justiniani wa Bizanti na kuwekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2002. Watawa wake ni Waorthodoksi wa Kigiriki. Hufungua milango saa chache za asubuhi tu, na kwa kawaida hufunga Ijumaa na Jumapili, kwa hiyo anayetaka kukiona kichaka kinachosemwa kuwa ndicho cha Musa achague usiku wa kupanda kwa kuzingatia siku hizo. Mabega na magoti yafunikwe.

Turudi kwenye maji ya kunywa. Hewa ya pale ni kavu kiasi kwamba jasho hupotea kabla hujaligusa, na ishara pekee ni mstari mweupe wa chumvi kwenye shati. Kunywa lita tatu au nne kwa siku, za chupa, hata kama kiu haipo, na beba pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, zile zinazotolewa kliniki kwa watoto wanaoharisha. Ngozi nyeusi nayo huungua. Jua hupiga kutoka juu na hupiga tena kutoka majini. Ogelea na fulana ya mikono mirefu, ukae kivulini kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana kwa hesabu yetu, na mafuta ya shea ya kaskazini mwa Uganda uyaweke kwenye mzigo kwa ajili ya midomo na visigino vitakavyopasuka siku ya pili. Chakula hakitakusumbua. Ful, yaani maharage ya kupikwa polepole yanayoliwa na mkate bapa, ni kikomando cha Wamisri, kama chapati na maharage yetu, na hukushibisha kwa pesa kidogo kuliko meza ndefu za hotelini.

Nguo za kuogelea ni za ufuoni na hotelini. Sokoni na kwenye mabasi madogo vaa kama unayekwenda kumtembelea mkwe. Mwezi wa Ramadhani usile wala kuvuta sigara barabarani mchana. Usipige picha askari, vizuizi wala majengo ya serikali. Ndege ndogo ya kupigia picha iache nyumbani, maana itachukuliwa uwanja wa ndege, na dawa ya tramadol ni marufuku bila kibali hata kama uliandikiwa na daktari. Matumbawe na kombe za bahari hazitoki nchini, hata zile ulizoziokota zikiwa zimekwisha kufa.

Siku ya mwisho suuza nguo na miwani kwa maji ya bomba ili chumvi isivile njiani, nunua choya na tende, kisha panga mzigo wa mkononi kwa uangalifu. Kadi ya manjano iwekwe pamoja na pasipoti, si ndani ya sanduku, kwa kuwa Entebbe nako huulizwa, na yule mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alilazimika kueleza kwa muda mrefu kwamba yake ilikuwa inazunguka ukumbini juu ya mkanda wa mizigo.